"Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo": Methali na Adabu ya Kuacha Kazi

Mfanyakazi anapoandika barua ya kuacha kazi, methali inayomfikia haraka kutoka kwa wazee, marafiki na wafanyakazi wenzake ni "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo", na aghalabu hutumiwa kumnyamazisha: aage vizuri, asimseme mwajiri aliyemwacha, kwani hajui ni lini atamhitaji tena. Maana hiyo imo ndani ya methali bila shaka, lakini ikichukuliwa kuwa ndiyo yote, methali hupunguzwa ikawa hesabu ya woga, na swali zito la kimaadili, yaani kama mtu anayeondoka ana haki au hata wajibu wa kusema kweli kuhusu mahali alipokuwa, hubaki bila kuguswa.

Mkunga ni mwanamke mwenye ujuzi wa kuzalisha, na katika jamii za pwani kazi yake haikuishia pale mtoto anapolia, kwa sababu ndiye aliyekata kitovu, akamkanda mzazi, akamwangalia katika siku za mwanzo na mara nyingi akaendelea kumjulia hali mpaka arobaini ilipotimia. Kwa hiyo alikuwa mtu anayedaiwa fadhila na, wakati huohuo, anayejua siri za nyumba nyingi. Sehemu ya pili ya methali, "uzazi ungalipo", ina kiambishi "-ngali-" kinachoonyesha hali ambayo bado inaendelea, na hapo ndipo uzito wa kauli ulipo, kwa kuwa uzazi hauna siku ya kukoma: anayejiona amemaliza kuzaa ana binti, ana mkwe, ana jirani.

Jambo hili huonekana wazi zaidi methali hii inapowekwa kando ya nyingine inayodhaniwa kuwa pacha wake, "Usitukane mamba kabla hujavuka mto". Mamba ni adui, na sababu pekee ya kumstahi ni kwamba mguu wa msafiri bado uko majini, hivyo akishafika ng'ambo anaweza kumtukana atakavyo na methali haina la kumwambia. Mkunga si adui hata kidogo, na mto wake hauna ng'ambo. Wanaomwonya mfanyakazi anayeondoka kwa methali ya wakunga, huku moyoni wakiwa na ile ya mamba, humfundisha kwamba heshima ni ya muda tu, ya kushikwa hadi mafao yalipwe na cheti cha utumishi kitolewe. Huo ni ujanja, na ujanja una mahali pake, ila usiitwe hekima ya wakunga.

Inafaa pia kuangalia kwamba methali inasema "wakunga", si "mkunga". Anayemtukana mmoja amewatukana wote, kwa sababu wakunga wa mji mmoja hujuana, huitana kusaidiana katika uzazi mgumu na hupashana habari. Soko la ajira katika miji ya Afrika Mashariki halitofautiani sana na hali hiyo, hasa katika kazi ambazo walio ndani yake ni wachache: wakuu wa shule binafsi hupigiana simu kabla ya kumwajiri mwalimu, na mameneja wa hoteli za pwani huulizana kuhusu mpishi, na jibu la "ah, yule" likitamkwa kwa sauti fulani linaweza kumnyima mtu kazi bila neno lolote baya kuandikwa popote. Sheria imejaribu kuingilia kati kwa kiasi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi chenye mambo yanayothibitika, kama jina lake na la mfanyakazi, siku ya kuanza na ya kumaliza, na aina ya kazi iliyofanywa, lakini haimlazimishi kutoa ushuhuda kuhusu tabia au ubora wa utendaji. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti kama hicho. Yanayobaki, yaani sifa, hubaki mikononi mwa wakunga, na ndiyo maana woga wa anayeondoka si wa kubeza.

Hata hivyo, kitendo kinachokatazwa na methali ni kutukana, na kati ya kutukana na kusema kweli kuna umbali ambao mazungumzo ya kila siku huufuta. Tusi humlenga mtu na humhukumu alivyo. Ukweli hueleza kilichofanyika na huweza kuchunguzwa na mwingine. Mhasibu anayesema kwamba mishahara ya miezi mitatu ilichelewa, na kwamba makato ya hifadhi ya jamii yalionekana kwenye hati ya mshahara lakini hayakufika kwenye mfuko, ametoa habari inayoweza kupimwa kwa taarifa ya michango. Mhasibu huyohuyo akisema kwamba mkurugenzi ni mwizi na ofisi yake ni ya ovyo, huenda yuko sahihi kabisa, ila amempa msikilizaji hasira yake badala ya ushahidi wake. Tofauti hii haitegemei ukali wa maneno, kwa kuwa kuna kweli kali kuliko tusi lolote, na kuna matusi yanayosemwa kwa upole mwingi, hasa katika barua za kuaga zilizojaa shukrani za kejeli.

Kutoka chumba kilekile cha uzazi Waswahili walitoa methali nyingine inayoizuia ya kwanza isipotoshwe, nayo ni "Mficha uchi hazai". Mwanamke anayemwonea mkunga haya na kujifunika hataweza kusaidiwa, kwa maana hiyo uwazi katika saa ile ni sharti la uhai. Methali hizi mbili zikisomwa pamoja hutoa kanuni iliyo kamili zaidi: uchi unafichuliwa, lakini chumbani, mbele ya mwenye uwezo wa kusaidia, wala si kisimani mbele ya wapita njia. Kwa mfanyakazi anayeondoka, chumba hicho kinaweza kuwa mazungumzo ya mwisho ambayo baadhi ya ofisi za utumishi hufanya na anayeacha kazi ili kujua sababu zake, au kikao na mkuu wake katika muda wa notisi, ambao kisheria nchini Tanzania si chini ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kisima cha siku hizi ni kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa zamani, ambako kila mtu ana la kuongeza na hakuna mwenye mamlaka ya kurekebisha chochote. Inapaswa kukiriwa kwamba vyumba vingi vya aina hii ni vya maonyesho tu: fomu hujazwa, hufungiwa kwenye faili, na anayeondoka anajua hivyo kabla hajaishika kalamu.

Historia ya utumishi wa umma nchini Tanzania ina mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu kuanzia mwaka 1966 na kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, alikuwa Waziri wa Fedha alipojiuzulu mwaka 1979, baada ya kutofautiana na Mwalimu Julius Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Mtei aliona masharti hayo hayana budi kukubaliwa, Nyerere aliona yanaingilia uhuru wa nchi, na mmoja wao alilazimika kuondoka. Kinachokumbukwa katika mgongano ule ni hoja yenyewe, kiasi kwamba hata leo mtu anaweza kumuunga mkono Nyerere bila kumdharau Mtei, au kinyume chake. Serikali ilifikia makubaliano na Shirika hilo mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na baadaye Mtei aliitwa kuongoza tume ya rais iliyochunguza mapato, kodi na matumizi ya serikali. Mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha upinzani cha Chadema, na kumbukumbu zake za maisha, zenye maelezo ya kujiuzulu kwake, zilitoka kitabuni mwaka 2009. Hakunyamaza, basi, wala hakujifanya kwamba aliondoka kwa sababu za kiafya, kama mawaziri wengi wafanyavyo. Uzazi ulipotokea tena, alikuwa mtu ambaye bado angeweza kuitwa.

Lakini hoja nzito kuliko zote imo katika maneno yaleyale yanayotumiwa kunyamazisha. Ikiwa uzazi ungalipo, basi yuko mwanamke mwingine atakayelala mikononi mwa mkunga huyohuyo, na kama mkunga ni mzembe, kama hanawi mikono au humwacha mzazi peke yake usiku, anayejua na akanyamaza amemkabidhi mwenzake hatari aliyoiepuka mwenyewe. Nafasi inayoachwa wazi ofisini hujazwa na mtu mwingine, mara nyingi mdogo kwa umri na mhitaji zaidi, ambaye huuliza pembeni, "Hivi pale kukoje?" Kumjibu kwamba ni pazuri, ili tu mlango wa kurudi usifungwe, ni kununua usalama kwa fedha ya mwingine. Methali haikutungwa kuwalinda wakunga wazembe. Ilitungwa kuulinda uzazi, na heshima ya mkunga ni njia ya kufikia hapo. Wenye mamlaka wanaoinukuu hupenda kugeuza mpangilio huo, wakaifanya heshima yao kuwa ndilo lengo na uzazi kuwa kisingizio.

Kuhusu usaili wa kazi mpya, ambako karibu kila mtu huulizwa kwa nini aliacha kazi ya awali, suala ni jepesi kuliko linavyoogopwa. Mwajiri mtarajiwa husikiliza jinsi yeye mwenyewe atakavyosemwa siku moja, hivyo jibu fupi, la kweli na lisilo na majina humtosha, na hakuna anayedaiwa kufungua faili lote mbele ya mgeni. Kutosema yote si uongo, mradi kilichosemwa hakipingani na kilichofichwa.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo yamevuka mpaka wa adabu ya kuaga, kama wizi wa mali ya umma, unyanyasaji wa kingono au kufukuzwa kazi bila sababu ya haki, na kwa hayo chumba cha kusemea kimewekwa na sheria. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na migogoro ya kazi hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, CMA. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hutakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Baada ya hapo mlalamikaji huanza kwa kuomba kwanza asamehewe kuchelewa, na huulizwa alikuwa wapi siku zote hizo.