Maneno Manane



Tunapopeleka Komunyo kwa wagonjwa vigangoni huku Muleba, tunakuta jambo linaloziumiza familia kuliko mkono uliopooza. Mzee aliyepigwa na kiharusi hawezi kuomba maji ya kunywa. Anamtazama mke aliyeishi naye miaka 40, na jina haliji. Lakini ikianzwa Baba Yetu, anaifuata mpaka Amina bila kukwama. Kuku akiparamia sahani yake, tusi la Kihaya linamtoka zima. Hapo minong'ono inaanza jikoni: kumbe anaweza, anatusumbua tu. Wengine husema ulimi wake umefungwa na mtu, na fedha ya kahawa inaishia kwa mganga.

Hajifanyi, wala hajafungwa. Hali hii madaktari wanaiita afasia. Kwa watu wengi makao ya lugha ni upande wa kushoto wa ubongo. Damu isipofika huko, mgonjwa anajua anachotaka ila neno lake halipatikani. Sala alizokariri tangu utotoni, nyimbo, kuhesabu moja hadi kumi na matusi ya hasira hupita njia nyingine, ndiyo maana mara nyingi hubaki. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekuwa akijibu kila swali kwa silabi moja, "tan". Akikasirika sana, laana ilimtoka kamili. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, kwa mbele. Kwa hiyo ile minong'ono ya jikoni ilikwishajibiwa zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Siku hizi watafiti wanajaribu kuusaidia ubongo kwa umeme. Ni umeme hafifu mno: miliampia 1 au 2, unaopitishwa kwenye sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani kwa dakika kama 20, mgonjwa akiwa macho na akiendelea na mazoezi ya maneno. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Julius Fridriksson wa Chuo Kikuu cha South Carolina, walitoa matokeo ya wagonjwa 74. Wote walifanya mazoezi ya kulinganisha picha na maneno, vipindi 15 ndani ya wiki 3. Wengine walipata umeme kweli. Wengine walifungwa sponji zilezile lakini mashine ikazimwa mapema bila wao kujua. Waliopata umeme waliongeza, kwa wastani, majina ya vitu kama 14 waliyoweza kuyataja. Wasioupata waliongeza kama 8. Watafiti wenyewe walisema hapo bado si mwisho, unahitajika utafiti mkubwa zaidi. (Fundi redio yeyote wa Bukoba anayesoma hapa asijaribu betri kwenye kichwa cha baba yake.)

Gazeti lolote litaandika habari ya yale majina 14. Mimi nimevutwa na yale 8. Walioyaongeza hayo, kiharusi chao kilikuwa cha zamani, umeme hawakuupata, na bado maneno yalirudi kwa mazoezi matupu. Umeme peke yake haumfundishi mtu neno hata moja. Unasaidia kazi ambayo tayari inafanyika. Ujerumani nako, mwaka 2017, wagonjwa 156 waliougua kwa miezi sita au zaidi walionyesha kwamba wiki 3 za mazoezi mazito, saa 10 au zaidi kila wiki, ziliboresha mazungumzo yao ya kila siku. Muda uleule wa kusubiri tu haukuwasaidia. Nasi tumezoea kusema, "Mwaka umepita, basi tena."

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula huko Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Mkienda hospitali ya Rubya, Kagondo au Ndolage kwa presha au mazoezi ya mguu, ulizeni pia habari ya kusema. Nyumbani anzeni na vitu vya mzee mwenyewe: panga, ndizi, buni, senene, rubisi, majina ya wajukuu. Mshikishe kitu, mwanzishie sauti ya kwanza, kisha nyamaza umngoje. Kungoja ndiko kunakotushinda; tunamtajia sisi, tukidhani tumemsaidia. Kama amelelewa kwa Kihaya na Kiswahili alijifunza shuleni, jaribuni zote mbili, kwa kuwa wakati mwingine haziharibiki sawa wala hazirudi pamoja. Wimbo wa kanisani nao mwimbieni, ingawa kuimba ubeti mzima si sawa na kuomba chai, na chai ndiyo anayoitaka.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, wanamleta kwa Yesu mtu kiziwi asiyesema vizuri. Wanamwombea wao, maana yeye hawezi kujiombea. Kabla ya lolote, Yesu anamtenga na umati. Kisha anamgusa masikio na ulimi, ndipo anatamka. Ninasimama hapo penye umati, kwa sababu umati ndio sisi. Jumuiya inaingia kwa mgonjwa watu 15, wote wanamsalimia kwa mpigo, redio inaimba, na mtoto anaulizwa, "Taata anatusikia kweli?" huku mzee yupo palepale. Kwa mwenye afasia kelele ile ni ukuta. Waingie wawili, wazime redio, wamuulize yeye mwenyewe maswali ya ndiyo au hapana.

Mmeniuliza pia kama mtu wa namna hii anaweza kuungama. Anaweza. Kanisa linapokea ishara ya asiyeweza kusema: kutikisa kichwa, kupiga kifua, kubana mkono wa padre. Halazimiki kutumia mkalimani, hata awe mke wake. Wenye mgonjwa wa hivi wamwarifu katekista wa kigango chao, nami nikifika naomba nibaki naye peke yetu kwa muda wa kutosha.