Wajibu wa Kumuuguza Mzazi Mwenye Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson humnyang'anya mtu mwendo wake kidogo kidogo, kwa miaka kumi, kumi na mitano, wakati mwingine ishirini. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa, na mgonjwa huanza kutetemeka, kukakamaa viungo, kuburuta miguu na kufifia sauti. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1817, na hadi leo hakuna tiba ya kuuponya. Dawa ya levodopa hupunguza dalili zake, ila sharti imezwe kwa saa zake. Ikichelewa, mgonjwa anaweza kuganda alipo, asiweze kuinuka wala kujigeuza kitandani. Usiku nao una taabu zake: wengine hupiga mateke ndotoni, wengine huona watu wasiokuwepo.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2008 uligundua wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Familia zao zilikuwa zikiuguza bila jina la ugonjwa na bila dawa yake.

Mzigo wa namna hii ni wa nani? Dini zinajibu waziwazi kuliko waumini wanavyopenda kusikia. Katika Qur'ani, Sura ya Bani Israil inawataja wazazi waliofikia uzee na kukataza hata neno dogo la kuwachoka. Wema huo kwa wazazi ni faradhi ya aini: kila mtoto anadaiwa peke yake. Lakini familia nyingi huugeuza kuwa faradhi ya kifaya, kana kwamba binti mmoja akikesha, kaka na dada zake wote wameshatua mzigo. Mara nyingi anayekesha si hata binti bali mkaza mwana, ambaye kwa wanazuoni wengi sheria haimlazimishi kuwahudumia wakwe; anachofanya ni hisani, na hisani haidaiwi kama deni. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa sadaka ya Mungu ili wasiwasaidie wazazi. Kemeo hilo linamhusu pia mwenye kuchangia ujenzi wa kanisa kila mwezi huku dada yake akikosa nauli ya kwenda kuchukua dawa za baba.

Anayeuguza huambiwa avute subira. Subira ni ibada, lakini ni ya mwenye mzigo. Kuihubiri bila kushika upande wa mzigo huo ni kumkwepa. Na Parkinson ina ukatili wa pekee: hukakamaza misuli ya uso, hata mgonjwa mwenye shukrani tele akaonekana amenuna. Mke humlisha mumewe, humwosha, humvisha, asione tabasamu. Huenda akajiona hapendwi tena, kumbe ni ugonjwa umeuziba uso. Hasira inayompanda wakati huo si ushahidi wa moyo mbaya. Ni uchovu, na ajuaye hali hii anapaswa kumweleza mapema, kabla hajaanza kujihukumu.

Mwanafalsafa wa Marekani Eva Feder Kittay, katika kitabu chake cha mwaka 1999, alijenga hoja juu ya jambo ambalo hakuna awezaye kulikana: kila mtu aliye hai alitunzwa na mwingine kwanza. Kwa hiyo jamii nzima inawiwa na wanaotunza, na inapaswa kuwawezesha kutunza bila wao wenyewe kuangamia. Hoja hiyo inawafikia hata wasio ndugu: jirani, mwajiri, jumuiya ndogondogo, msikiti.

Wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa wamuulize na anayemuuguza alilala lini usiku kucha, na yeye mwenyewe alipimwa lini presha. Kabla ya kuaga, wakubaliane nani atakaa na mgonjwa siku gani, nani atanunua dawa za mwezi ujao, na nani atashika zamu ya usiku.