Nilichomwambia Bibi Nimekifuta

Mwezi Aprili nilipoteza kazi ya miezi saba kwa mstari mmoja wa amri. Nasoma shahada ya uzamili katika isimu, na tasnifu yangu inahusu Kikae, lahaja ya Makunduchi na vijiji vya jirani, kusini mwa Unguja. Nilikuwa na rekodi 30, na kila rekodi ilikuwa na faili lake la maandishi lililogawanywa neno kwa neno. Siku hiyo niliandika programu ndogo ya kubadilisha majina ya mafaili yote kwa mkupuo. Nikaweka alama moja mahali pasipotakiwa. Programu ilimaliza kazi yake kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe, na mafaili yote 30 yakabaki na majina mazuri sana, ndani hakuna kitu.

Najua unachotaka kuuliza. Nakala rudufu ilikuwepo, kwenye flashi ambayo siku hizi inasomeka ikijisikia. Siku ile haikujisikia.

Kilichoniokoa kiasi ni kwamba kazi hiyo haikuwa moja kwa moja kwenye kompyuta yangu. Programu ninayoitumia kulinganisha sauti na maandishi inakubali vizuri zaidi kwenye Linux, nami laptopu yangu ina Windows. Kwa hiyo nilijifunza kutumia VirtualBox, ambayo inakuundia kompyuta ya pili isiyo na mwili ndani ya ile uliyonayo: mashine pepe. Wazo lenyewe si la jana. IBM walikuwa nalo tangu miaka ya 1960, wakati kompyuta moja ilijaza chumba na watu wengi walilazimika kuigawana. Kwangu mimi ilikuwa njia ya kuepuka kununua laptopu nyingine. Na mashine pepe ina jambo moja ambalo mashine ya kweli haina. Unaweza kuipiga picha ilivyo sasa hivi, snapushoti kama tunavyoiita, na baadaye ukairudisha hapo.

Mwezi Septemba, kabla ya kuweka toleo jipya la programu, nilipiga picha moja kama nilivyofundishwa. Nikaisahau.

Rafiki yangu wa bwenini anayesoma sayansi ya kompyuta alikimbia kutoka ghorofa ya tatu nilipompigia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Usiirudishe!" Kurudi kwenye picha kunatupa kila kilichofanyika baada ya picha hiyo, na baada ya Septemba nilikuwa nimeandika sura mbili. Akanionyesha njia nyingine: kutengeneza mashine mpya kutokana na picha, na kuiacha ya sasa palepale ilipo. Baada ya saa nzima na ushee nilikuwa na mashine mbili ubavu kwa ubavu, ya Septemba na ya Aprili. Katika ile ya Septemba mafaili 19 kati ya 30 yalikuwa salama, yakiwa ghafi lakini salama. Rafiki yangu aliruka juu. Mimi nilikuwa natazama orodha ya sauti.

Zilikuwa 31.

Kabla ya kuendelea inabidi nieleze picha hizi zinavyofanya kazi, maana jambo zima limo humo. Ukiiambia VirtualBox ipige picha, haijisumbui kunakili diski nzima. Inaigandisha diski ilivyo, isiandikwe tena, halafu inaweka faili jipya juu yake. Kuanzia hapo kila unachoandika kinaingia kwenye faili la juu. Ukitaka kusoma kitu, inatafuta juu kwanza. Isipokikuta, inashuka chini. Fikiria ramani ya ukutani iliyofunikwa nailoni. Unachora juu ya nailoni, unafuta juu ya nailoni, na macho yako yanaona ramani imebadilika. Ramani yenyewe haijaguswa.

Rekodi ya 31 ilikuwa ya bibi mmoja. Sitataja kijiji chake. Nilimrekodi mwezi Agosti, barazani kwake, mjukuu wake akiwa pembeni anachambua mchele. Kwa muda mrefu alizungumza nami Kiswahili cha redio, kama wazee wengi wafanyavyo mbele ya mgeni kutoka Dar. Hii ndiyo shida kubwa ya utafiti wa lahaja: ukiwepo, lahaja inajificha. Halafu nikamuuliza swali la kawaida kabisa kuhusu ujana wake, na kitu kikafunguka. Kwa dakika 11 alisimulia jambo lililompata kabla hajaolewa, na Kiswahili cha redio kikamtoka chote. Kikae kina namna yake ya kusema jambo lililokwisha kutendeka, ambapo irabu ya mwisho wa kitenzi huifuata irabu ya mzizi. Niliisoma vitabuni. Katika dakika zile 11 niliisikia ikimiminika, kitenzi baada ya kitenzi, kwa sababu kila alichokisema kilikuwa kimekwisha kutendeka na hakuna wa kukitengua.

Wiki chache baadaye mjukuu wake alinipigia. "Dada, Bibi halali. Anasema alisahau kama kile kitu kinanasa. Anasema umfutie."

Fomu ya ridhaa aliyoiwekea dole gumba ilisema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Sikubishana. Nilifuta kwenye simu, nikafuta kwenye flashi, na kwenye mashine pepe sikuridhika na kufuta tu. Nilitumia amri ya shred, ambayo kwa kawaida yake huandika takataka juu ya faili mara tatu ili hata fundi asilipate. Kisha nikampigia Bibi mwenyewe. Nikamwambia imefutika kabisa, hata mimi mwenyewe nikiitaka siwezi kuipata. Aliniombea dua ndefu.

Picha nilikuwa nimeipiga siku tisa kabla ya simu ile. Zile takataka nilizoandika mara tatu ziliandikwa juu ya nailoni.

Sasa, je, nilisema uongo? Kwa maana ya kawaida hapana, nilisema nilichokiamini. Lakini kuna aina ya maneno ambayo hayatoshi kuyaamini. Ukimwambia mtu "nadhani mvua itanyesha" na isinyeshe, hujamkosea. Ukimwambia "nimefunga mlango" akalala usingizi kwa sababu hiyo, na mlango ukawa wazi miezi saba, usafi wa moyo wako haumsaidii sana. Alilala juu ya neno langu. Tunasema ahadi ni deni, na deni halifutwi na mdaiwa kudhani ameshalipa.

Hannah Arendt, katika The Human Condition cha mwaka 1958, aliandika kwamba matendo ya binadamu yana balaa mbili: hayarudi nyuma, na hayatabiriki yatazaa nini. Kwa la kwanza aliona dawa yake ni msamaha, kwa la pili dawa yake ni ahadi. Nilimsoma kwa ajili ya mtihani na nikamkubali bila shida. Sasa nina mashine ambayo inarudisha nyuma kweli, si kwa mfano wa maneno, na sijui msamaha na ahadi vinakaa wapi ndani yake. Waliotuambia maji yakimwagika hayazoleki walikuwa wanatuonya tusimwage. Hawakufikiria kuna siku mtu atakuja na ombi la kinyume, kwamba maji yakishamwagika yaachwe yapotee mchangani, asije mtu kuyazoa.

Serikali zimeanza kufikiria. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Huko Ulaya, mwaka 2014, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilimpa haki Mhispania mmoja aliyetaka deni lake la zamani lisijitokeze watu wanapolitafuta jina lake kwenye Google. Ukurasa wa gazeti wenye habari hiyo haukuguswa. Kilichoondolewa ni kiungo tu. Nailoni tena. Na kwa kushinda kesi akawa maarufu duniani kwa jambo lilelile alilotaka lisahaulike. Mimi simtaji jina, na hiyo ndiyo hisani pekee ninayoweza kumfanyia.

Rafiki yangu, nilipomweleza, hakuniona mjinga wala mtakatifu. Aliuliza swali la haki: kuna wazee wangapi bado wanaizungumza lahaja ile namna ile? Ondoa jina, ondoa kijiji, ondoa kisa, toa vitenzi tu. Nani ataumia? Na lugha ni ya nani, ya Bibi peke yake? Akifa, na vitenzi vile vikafa naye, utawaambia nini watakaokuja?

Sina jibu la kumnyamazisha. Lugha si ya Bibi peke yake, hilo nakubali. Lakini Bibi hakuniomba nifute lugha. Aliomba nifute dakika 11, na katika dakika zile siwezi kuvitenga vitenzi na kisa kama mtu anayechambua mchele. Kila kitenzi kilikuwa pale kwa sababu kuna kitu kilitendwa. Na zaidi ya hayo, ningependa kujua ni kwa nini hoja ya watakaokuja huwa nzito kiasi hicho hasa pale inapotunufaisha sisi tuliopo. Sura yangu ya tatu ingekuwa nzuri mno.

Jambo linalonisumbua zaidi sikumwambia hata yeye. Sura ya tatu tayari ina Bibi ndani. Baada ya kufuta rekodi yake nilirudi kwenye zile 30, na kwa kuwa sikio langu lilishaisikia namna ile ya kusema yaliyokwisha, niliikuta katika rekodi mbili za watu wengine, mahali ambapo kabla ya hapo nilipita bila kusikia. Mifano niliyoiandika ni yao, kwa ridhaa yao. Lakini aliyenifundisha kusikia ni yeye. Kwangu mimi hakuna amri ya shred. Bibi aliomba mashine isahau, hakuomba mimi nisahau, labda kwa sababu anajua binadamu hawaombwi hivyo. Je, ninatumia nilichokatazwa? Msimamizi wangu anasema hapana, na fomu inamuunga mkono. Nami nimeziacha sentensi zile surani. Kila nikizipitia mkono unasita kidogo, kisha unaendelea.

Kwa siku tatu sikufanya lolote. Mafaili 19 nilishayahamisha. Mashine ya Septemba ilikuwa bado ipo. Siku ya pili usiku nilifungua ile sauti, nikajiambia nahakikisha tu kama ni nzima. Nilisikia mchele ukipetwa, nikasikia Bibi akivuta pumzi, nikazima. Sekunde nne.

Njia rahisi ilikuwa kufuta kimyakimya. Ningeifuta mashine ile mpya, kisha ningeifuta picha yenyewe. Watu wengi hudhani kufuta picha kunakurudisha nyuma, kumbe ni kinyume: ile nailoni inagandamizwa kwenye ramani, na kila kilichoandikwa juu kinakuwa ndiyo ramani. Takataka zangu za Septemba hatimaye zingemfikia Bibi kule chini. Asingejua kamwe. Lakini hapo ningekuwa nimeulipa uongo kwa kuuficha, na mara hii nikiwa najua.

Nilimpigia mjukuu wake jioni, baada ya magharibi. Akampa simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko?"

Nikamweleza. Nilitumia mfano wa ramani na nailoni, nikaona haufiki, nikasema ni kama nilifuta kwenye shuka la juu na doa likawa limeshaingia kwenye godoro. Hilo alilielewa upesi. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

"Umeisikiliza tena?"

Nilitaka kusema hapana. "Kidogo, Bibi. Mwanzo tu, kabla hujasema kitu."

"Na sasa unataka nini?"

"Nataka kuifuta. Nimeona nikwambie kwanza."

"Ulishaniambia umefuta."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa safari hii mie nitajuaje?"

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu. Pia nilijua kuwa hata faili linalofutwa kwenye diski ya laptopu haliondoki papo hapo, nafasi yake huandikwa tu kuwa iko wazi, na ningetakiwa kuishughulikia nayo. Ningeweza kumpa maelezo ya nusu saa, na mwisho wake angebaki palepale, na neno langu tu mkononi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia hawezi kujua, Bibi, isipokuwa kwa kuniamini, na mara ya kwanza uliniamini.

Akacheka kidogo, sijui kwa nini. "Basi fanya sasa. Mie nipo hapa."

Nikaifuta mashine ya Septemba, nikabonyeza kufuta picha, na ule mstari ukaanza kwenda. Faili la juu lilikuwa limenenepa kwa miezi yote ile na laptopu yangu ni mzee. Nilimwambia itachukua muda na salio langu si kubwa. Akasema mjukuu atanipigia likikata. Tukazungumza habari za mwani, kwamba mwaka huu unakufa majini kwa joto kabla haujavunwa, kwamba bei nayo imekuwa bei ya kutukanwa. Akaniuliza kama nimeshapata mchumba. Kila baada ya muda alikuwa anakatisha maneno yake mwenyewe.

"Imefika wapi?"

"Arubaini na tatu, Bibi."

Salio likakata. Mjukuu akapiga.

"Imefika wapi?"

"Sabini na moja."