Uchafu Usio na Mwenyewe

Mwaka jana nilisimama mbele ya vijana kama 30 hapa kambini Kinama, Muyinga, megafoni mkononi, nikifundisha usafi wa choo. Ndiyo kazi yangu, pamoja na mpira, kwaya na kuamua ugomvi. Nilikuwa na zile picha tunazozijua wote: kinyesi, nzi, mkono, sahani. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Binti mmoja wa miaka 14 akanyoosha mkono. "Yaya, na ile choo yetu, wewe unaioshaga?"

Walicheka wote. Na mimi nikacheka, kwa sababu sikuwa na jibu.

Yule binti ni jirani yetu. Choo chetu na duche iliyo pembeni yake tunavitumia familia nne, watu 22. Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa mnakijua kipimo cha Sphere, choo 1 kwa watu 20, kwa hiyo sisi hatuko mbali sana. Lakini kipimo hicho hakisemi nani atashika fagio. Kwetu alikuwa anashika mama yangu, na siku akiumwa mgongo, hakuna aliyeshika.

Baada ya kipindi binti alibaki akikunja mikeka. Akaniambia polepole kwamba babu yake siku hizi anakataaga kula jioni. Mzee yule haoni vizuri, karibu haoni kabisa. Akiingia chooni anapapasa mlango, anapapasa ukuta, anashuka kwa kushika ukuta na anainuka kwa kushika ukuta. Na ukuta wetu, sitaficha, ulikuwa mchafu. Watoto wanajipangusia pale. Mzee akiona giza linakaribia, anaona afadhali alale na njaa kuliko kuamka usiku kwenda kushika vitu ambavyo havijui ni nini.

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi najua kuosha. Najua kuliko watu wengi hapa.

Nilipomaliza sekondari nilipata karatasi ya kutoka kambini nikaenda Gitega, kupitia Karuzi, kutafuta maisha. Gitega ilikuwa imeshakuwa mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na watu walisema kazi ipo. Kazi niliyopata ilikuwa ya uboyi, katika nyumba moja ya kartie Magarama. Duche yao ilikuwa na makaro meupe kuanzia chini mpaka juu, na siku ya kwanza nilidhani ni safi. Mama wa nyumba akaniambia nioshe. Nikamwaga maji, nikavuta rakleti, nikatoka baada ya dakika tano. Akaingia, akatoka, akanipa mswaki wa zamani. "Katikati ya karo na karo," akasema.

Hapo ndipo nilipojifunza. Unaanza juu, kwenye utando wa buibui, kwa sababu uchafu unaanguka chini na ukianza na sakafu utaiosha mara mbili. Unafagia pakavu kabla ya kumwaga maji, vinginevyo nywele na vumbi vinakuwa uji. Kisha sabuni na maji ya moto, kusugua, kusuuza. Chokaa inayoganda kwenye bomba inaachia kwa ndimu au siki, ukiiacha ilowe kwanza. Javeli inakuja mwisho, baada ya sabuni kuondoka, na unaiacha kama dakika kumi ifanye kazi yake. Ukiimwaga juu ya uchafu, uchafu unaimaliza nguvu na wadudu wanabaki. Wengi wetu tunamwaga javeli tukisikia harufu tunasema basi, pamekuwa safi. Harufu tu hiyo.

Na msichanganye javeli na kitu kichungu kama siki, ndimu, au zile dawa kali za choo. Mimi nilichanganya. Nilidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Mlango umefungwa, dirisha dogo, moshi usioonekana ukanishika kooni, macho yakamwagika. Ile ni gesi ya klorini, inaua watu. Dada wa jikoni alisikia nakohoa akanivuta mpaka uani. Nilikaa pale chini ya mwembe nusu saa nzima nikitema mate.

Yule dada ndiye aliyenifundisha jambo lingine, ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Nilikuwa siosha nyuma ya bakuli la choo, kwenye ukuta. Pale bosi haangalii, hata akiinama. Nikamwambia dada, mama hataona. Akanijibu, "Mama haoni, lakini Bebe anafika." Katika nyumba ile kulikuwa na mtoto aliyeanza kutambaa, na kweli, nilipomfuatilia, mkono wake ulikuwa unakwenda huko huko nyuma ya bakuli, kisha mdomoni.

Basi nilipokuwa nalala na swali la yule binti, nilijiuliza: kwa nini kule nilisugua kwa mswaki, magoti chini, na hapa nilipolelewa sigusi hata fagio? Jibu la haraka ni kwamba kule nililipwa. Ni kweli, lakini haliishi hapo. Hapa pia palikuwa na malipo wakati fulani. Kulikuwa na mradi uliowapa watu motisha kidogo kwa kuosha vyoo, na vilikuwa vizuri. Mradi ulipokwisha, fagio zikalala. Nilisikia watu wazima wakisema, "Nioshe kwani nimelipwa?" Kabla ya mradi walikuwa wanaosha bure. Sisemi watu wasilipwe. Mtu aliyefanya kazi ale. Nasema tu kwamba pesa ilipoondoka iliacha swali ambalo hapo mwanzo halikuwepo.

Jibu la pili ni lile la kila siku: kila mtu aoshe uchafu wake. Linaonekana haki kabisa. Mimi mwenyewe nililishikilia, maana naingia nikiwa na maji yangu, namwaga, natoka. Lakini ukilifuata mpaka mwisho linavunjika. Ute wa kijani kwenye sakafu ya duche ni wa nani? Unaota kwa maji ya watu 22. Ile tope ya mkono kwenye komeo la mlango, nani ataikubali? Uchafu wa mahali pa wote hauna mwenyewe, na kama kila mtu atasubiri wake peke yake, ule usio na mwenyewe utabaki na kukua. Unamsubiri nani? Kwetu ulimsubiri mama yangu, na ulimsubiri mzee asiyeona. Mmoja kwa mgongo, mwingine kwa kiganja.

Wazee waliokulia Zaire wana jibu la tatu, salongo. Enzi za Mobutu watu walitolewa majumbani kwenda kufanya kazi za umoja, upende usipende. Hapa Burundi nako Jumamosi asubuhi kuna kazi za pamoja. Mzee mmoja aliniambia salongo ilisafisha barabara tu, kwa sababu barabara ndiyo kiongozi anapita. Vyoo havikuguswa. Sijui kama ilikuwa hivyo kila mahali, lakini nilicheka kwa sababu nilikumbuka nyuma ya bakuli.

Kuna habari ya Gandhi ambayo wengine wenu mnaijua. Mwaka 1901 alikwenda kwenye mkutano wa chama cha Congress mjini Calcutta, akakuta vyoo vimejaa, havipitiki. Akawaambia wajitolea, nao wakajibu kwamba ile ni kazi ya wafagiaji, yaani watu wa tabaka la chini. Akaomba fagio akaosha. Wanaosimulia huishia hapo, tunapiga makofi. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba aliosha kile alichokitumia tu, vingine vilimshinda, watu walikuwa wengi mno. Mimi napenda hiyo sehemu ya pili. Inanipunguzia aibu na inanipunguzia visingizio kwa wakati mmoja. Vyoo vyote vya Kinama siviwezi. Kimoja nakiweza.

Jumamosi iliyofuata nikaanza. Bidoni tatu za maji, sabuni, majivu ya kusugulia, fagio la zamani nililolikata liwe fupi. Ukuta wetu ni wa tofali, umepakwa simenti mpaka kiunoni. Nilianza juu kama Gitega. Vijana wa mpira wakapita. "Mama yake amezaa binti!" Nilikuwa na megafoni nyumbani lakini sikuwa na la kusema. Kitu kimoja tu nilikifanya tofauti na Magarama: nilifumba macho. Nikaingia kama mzee anavyoingia, nikapapasa, na kila mahali mkono wangu ulipogusa, hapo nikaosha. Komeo. Upande wa ndani wa mlango, chini kabisa. Ukuta wa kulia kwenye kimo cha mtu aliyechuchumaa. Sikuwahi kujua kwamba pale ndipo palipo pachafu zaidi, na nimeingia mle miaka yangu yote.

Jioni mzee akaja na fimbo yake. Nilikaa mbali kidogo, sikutaka ajue. Akaingia, akakawia. Alipotoka akanusa kiganja, akaita kwa sauti, "Kuna kilio kwa nani?" Alidhani kuna msiba, kwa sababu kwetu choo kinaoshwa namna ile wageni wa matanga wakitarajiwa.

Mama hakufurahi kama nilivyofikiri. Aliniambia, "Wewe unawafundisha uvivu. Mimi nimewafundisha miaka kumi, sasa unaendelea." Nimelifikiria sana neno hilo. Ni kweli kwamba mwenye moyo anabebeshwa, na mara nyingi mwenye moyo huyo ni mwanamke, na kila mtu anauita moyo wake tabia ili asimshukuru. Lakini nikiacha ili kumfundisha jirani, somo langu anayelilipia ni mzee. Nikiendelea, anayelipa ni mimi na mama. Sijapata njia ya tatu isiyolipwa na mtu.

Tulichofanya ni kuweka zamu, na tumeweka wanaume ndani ya zamu, jambo lililochukua vikao viwili na maneno mengi. Familia tatu zinakuja. Ya nne haiji. Baba yao anasema watoto wake hawakuja duniani kuosha mavi ya watu, na mimi nilimjibu vibaya mbele ya wanawe, jambo ambalo halikusaidia. Tangu hapo hatusalimiani vizuri.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yao. Nilingoja mpaka saa nne, nikachukua bidoni. Nilipofika nikamkuta kijana wao wa miaka kumi na miwili ndani, anasugua sakafu tu, haraka haraka, baba yake asimwone. Nikamwambia aanze juu. Akaniuliza kwa nini na ukuta, mbona hakuna anayeuangalia. Nikamwambia afumbe macho.