Ndoa Katika Islam na Sheria za Mataifa



Huku Mlali, Wilaya ya Kongwa, kijana mmoja anayeichunguza Islam alituuliza baada ya sala ya Alasiri: "Maalim, mataifa mengine yamehalalisha ndoa ya mume kwa mume na mke kwa mke. Dini yenu yasemaje? Na mtu akishukiwa hapa kijijini, tumfanyeje?" Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

Ama la kwanza: Uholanzi ilihalalisha ndoa hizo mwaka 2001, na Afrika Kusini mwaka 2006. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Lakini Mwislamu hangoji Bunge limjulishe halali na haramu. Bunge laweza kubadili sheria yake. Haliwezi kubadili hukumu ya Mwenyezi Mungu. Katika Sura Ar-Rum twafundishwa kwamba Mungu ametuumbia wenzi ili tupate utulivu kwao, akatia mapenzi na huruma baina yetu. Hiyo ndiyo nikahi, ya mume na mke. Na kisa cha watu wa Nabii Lut a.s. chatuonya tusiiache njia hiyo. Basi Islam haiikubali ndoa ya jinsia moja, nami nasema hayo bila kuficha.

Ama la pili: wengi hukisoma kisa hicho wakaangalia adhabu tu. Isomeni Sura Hud, mtaona kwamba Nabii Ibrahim a.s. alipopata habari ya adhabu ile aliwatetea watu wale mbele ya Mola wake. Aliambiwa aliache jambo hilo, kwani amri ilikwisha kutoka; hata hivyo Mungu alimsifu kwa upole na huruma yake. Na hukumu ilikuwa ya Mungu: Lut hakuamrishwa kuokota hata jiwe moja.

Tena Sura Al-Hujurat yakataza dhana mbaya na kupelelezana. Na Sura An-Nur yamhukumu viboko themanini amsingiziaye mwanamke mwenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne. Je, yule anayebeba uvumi kutoka kilabuni hadi sokoni, hata jirani akapigwa au akafukuzwa nyumbani kwake, atasema nini mbele ya Mungu? Nanyi mliofunga bai'at karibuni, kumbukeni kwamba katika masharti kumi ya Masihi Aliyeahidiwa a.s. mmeahidi kuepukana na zinaa, na mmeahidi pia kutowadhuru viumbe wa Mungu kwa ulimi wala kwa mkono. Ahadi hizo mbili hazitengani. Twalichukia tendo; mtu twamwombea.

Mwisho, tujitazame wenyewe. Twapaza sauti juu ya ndoa za Ulaya, na huku binti wa miaka kumi na mitano aozwa kwa ng'ombe bila kuulizwa. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu ndoa za umri huo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Lakini karne nyingi kabla yake, Khansa binti Khidham r.a. alimlalamikia Mtume Muhammad s.a.w. kwamba baba yake amemwoza asiyemtaka, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Mahari nayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe, wala si ya wajomba na baba zake wadogo.

Ndugu zangu, anayetaka kuitetea nikahi aanze nyumbani kwake. Jirani akiona mke aheshimiwa, binti aulizwa ridhaa yake, na mahari yatiwa mkononi mwake, hatahitaji hotuba ndefu kujua kwamba njia ya Mungu ni njema.

Mwenyezi Mungu azijalie nyumba zetu utulivu, na ndimi zetu azihifadhi na dhuluma. Amin.