Ahadi ya Kurudi

Somo: Luka 10:30–35



Tumezoea kumsifu Msamaria kwa kuwa alisimama njiani kumhudumia mtu aliyejeruhiwa. Lakini Luka anaeleza pia kwamba kesho yake alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakapopita tena. Kufunga majeraha hakukummalizia wajibu wake. Wiki hii nawaomba tuitafakari ahadi hiyo kwa ajili ya ndugu zetu waliovujiwa damu kwenye ubongo.

Damu ikivuja ghafla, iwe ni kwa presha au kwa mshipa uliovimba ukapasuka, wote tunakimbia. Jumuiya inachanga, wodi inajaa wageni. Mgonjwa akifumbua macho tunamshukuru Mungu, kila mtu anashika njia ya kwao. Kumbe hatari ya pili inaweza kuwa inaanza. Kila siku ubongo hutengeneza takriban nusu lita ya maji, ambayo hupita katika vyumba vyake vya ndani, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa na kuingia katika mzunguko wa damu. Damu iliyovuja huweza kuziba njia hiyo au kuharibu mahali yanapofyonzwa. Maji hayaachi kutengenezwa. Yanajaa, vyumba vinapanuka, ubongo unakandamizwa. Hali hii huweza kutokea siku zilezile za mwanzo, au baada ya majuma kadhaa mgonjwa akiwa tayari nyumbani.

Pengine kichwa humuuma sana, hutapika, husinzia kupita kawaida. Pengine mabadiliko huja polepole: anasahau, anaburuta miguu, mkojo unamponyoka, mazungumzo yanakatika. Hapo wengine husema amedeka, wengine amerogwa, wengine imani yake imepungua. Maneno hayo yanamuumiza mtu asiye na kosa, tena yanachelewesha tiba, na tiba ipo. Madaktari wa upasuaji wa ubongo huweza kuyatoa maji kwa mpira wa muda, au kuweka wa kudumu unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huo nao huweza kuziba au kupata maambukizi, hata baada ya miaka.

Ndiyo maana kurudi ni sehemu ya tiba. Aliyefika mara moja hawezi kujua kwamba mwendo wa leo si wa juzi. Anayekuja mara kwa mara ataona. Basi tupangiane zamu. Mmoja akae na mgonjwa ili mama anayemuuguza apate kulala. Mwingine ashughulikie nauli ya kliniki. Na tukiona dalili hizo, tusingoje ibada ya Jumapili: tumpeleke hospitali saa hiyohiyo, huku tukiomba njiani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewagusa wagonjwa ambao wengine waliwaepuka, utusamehe pale tulipomhukumu aliyekuwa akiumwa. Uwatie nguvu wanaouguza, uiongoze mikono ya madaktari na wauguzi. Utupe upendo usiochoka baada ya juma la kwanza, na miguu iliyo tayari kurudi. Amina.