Je, Yuko Mtu Awezaye Kufunga Mvua?

Kila mara mvua inapochelewa, minong'ono huanza kijijini. Shamba limekwisha kulimwa, mbegu ziko tayari, lakini mawingu hayaonekani. Ndipo watu huulizana: Nani ameifunga mvua? Na jina litajwalo mara nyingi si la mwenye nguvu. Ni la mjane, au la mzee asiye na watoto, au la mgeni asiye na ndugu wa kumtetea. Basi, ndugu msomaji, tulipime neno hili kwa akili na kwa haki.

Kwanza: mvua yatoka wapi? Tazama chungu kilicho motoni. Mvuke wapanda, wagusa kifuniko, wageuka matone. Hata nguo iliyoanikwa hukauka bila kuchemka, kwa maana jua huyainua maji yake polepole. Ndivyo ilivyo duniani pia. Jua ndilo moto. Bahari ndiyo chungu kikubwa, maana yafunika sehemu 7 katika 10 za dunia. Na baridi iliyoko juu angani ndiyo kifuniko. Mvuke hukaa hewani muda wa siku 9 hivi, ukichukuliwa na upepo, kiisha waanguka. Kwetu Kongo msitu nao hufanya kazi hiyo: mizizi yanywa maji, majani yayatoa tena kuwa mvuke. Kwa hiyo maji yaliyonyesha juu ya msitu hupanda tena, yakanyesha mahali pengine.

Sasa sikia mfano. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita desturi upande wa Afrika, na upande wa Indonesia ikapoa. Palipo na joto mvuke ulizidi: Afrika ya mashariki ikapata mvua kubwa na mafuriko. Mbali ng'ambo, nchi ya Australia ikakauka, na misitu yake ikateketea kwa moto. Jambo la namna hiyo lilikuwa limetokea mwaka 1961 vilevile; mvua zikazidi, na maji ya ziwa Tanganyika yakaendelea kupanda hata mwaka 1964. Haya basi, ni mzee gani aketiye mlangoni pake awezaye kuipasha moto bahari nzima, au kuugeuza upepo utokao mbali hivyo? Hayupo. Mvua haina mlango, wala hakuna mtu mwenye ufunguo wake.

Lakini mwingine atauliza: Kama ndivyo, je, hakuna mtu mwenye hatia yoyote katika mambo ya hewa? Hapana, hatia iko. Ila sharti tuitafute mahali pake. Kwa muda wa miaka zaidi ya 150, viwanda na magari, hasa ya nchi zenye mali, vimechoma makaa ya mawe na mafuta bila kiasi. Hewa itokanayo na moto huo huizuia joto la dunia lisitoke, kama vile blanketi. Sehemu zaidi ya 9 katika 10 za joto hilo lililozidi zimeingia baharini. Na kila hewa inapoongezeka joto kwa digrii 1, yaweza kubeba mvuke zaidi, kama sehemu 7 katika 100. Kwa hiyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Hatia hiyo ni ya wengi, lakini si sawa kwa wote: aliyechoma sana adaiwa sana.

Sisi nasi tuna sehemu yetu, ingawa ni ndogo. Anayekata miti yote ya mlimani ili achome makaa, huyo hafungi mvua ya jirani siku ile. Lakini mvua inyeshapo, maji hayana kitu cha kuyazuia, nayo yachukua udongo na kuibomoa nyumba ya mtu akaaye bondeni. Hatia hii ina ushahidi: visiki vyaonekana, na njia ya maji yaonekana.

Basi, ukisikia mtu anatajwa, uliza maneno matatu. Ametenda nini? Tendo lake lilileta madhara kwa njia gani? Nani aliona? Pasipo jibu, kumshitaki ni kumshuhudia uwongo, na kunyamaza wengine wanapomshitaki ni kuwasaidia.

Mjane akifukuzwa leo, nyumba yake ikachomwa, mvua yaweza kunyesha kesho kutwa, kwa sababu upepo umegeuka. Watu watacheka na kupanda mbegu zao. Lakini yule mama, atalala wapi?